Mume Wangu Kakata Kebo, Baba Mkwe Kahamia Uani na Redio

Shikamoo Shangazi,

Sijawahi kuandika barua ya namna hii, na kusema kweli nilidhani siku nikiandika itakuwa kwa jambo zito kuliko televisheni. Lakini televisheni ndiyo imetufikisha hapa.

Nyumbani tuko watano: mimi, mume wangu, watoto wawili (mkubwa ana miaka 13, mdogo 6) na baba mkwe, ambaye tunaishi naye tangu mama alipofariki. Miaka yote tumekuwa na televisheni ya kebo. King'amuzi kimoja, rimoti moja, na mwenye rimoti ni mzee. Hakuna aliyemteua, mambo yalijipanga yenyewe. Asubuhi akiamka anawasha, usiku akienda kulala anazima. Katikati hapo kuna taarifa ya habari, mpira, vipindi vya wanyama, na saa nyingi ambazo sidhani kama kuna mtu anatazama. Runinga inaongea yenyewe, naye anasoma gazeti au anasinzia.

Mume wangu ameilalamikia bili ya kebo muda mrefu. Kila mwezi wimbo ni uleule, eti tunalipia chaneli mia mbili na tunatazama kumi. Watoto ndio hawaigusi kabisa, wao ni strimingi tu, yaani kutazama kupitia intaneti, kwenye simu na kompyuta. Basi miezi miwili iliyopita akanunua kile kijiti kinachochomekwa nyuma ya runinga, akajiunga na huduma moja ya strimingi. Ikafuata ya pili kwa ajili ya katuni za mdogo, ya tatu kwa ajili ya mpira, na ya nne ambayo mpaka leo sijui tuliichukulia nini. Ilikuja na mwezi wa bure, mwezi ukaisha, nasi tukaendelea kulipa bila kujua. Daftari la matumizi ya nyumba ninalo mimi. Nikizijumlisha hizo nne, pamoja na kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti alichokiongeza, tumeshaipita bili ya kebo. Na kebo yenyewe bado tunailipa, maana mkataba umebaki miezi mitano. Intaneti na kebo zote ni za kampuni moja.

Hesabu lakini siyo iliyonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita mzee alisafiri siku nne kwenda kumjulia hali dada yake. Hata hajafika, mume wangu akachomoa king'amuzi, akaviringisha nyaya, akakifungia kabatini. Akasema mzee akirudi atakuta jambo limekwisha, atazoea.

Mzee akarudi, akabonyeza rimoti, zikamtokea picha za filamu zimepangwa safu kwa safu. Akauliza, "Habari iko wapi?" Mkubwa wangu akamwonyesha: ingia hapa, shuka chini, bonyeza pale. Siku hiyo habari akaiona. Kesho yake akajaribu peke yake, akaangukia filamu ya kutisha. Jumamosi akawekewa mpira. Sasa mzee ana namna yake ya kutazama mpira: picha anaitazama kwenye runinga, sauti ameizima, na mtangazaji anamsikiliza redioni, kwa sababu anasema watu wa redio ndio wanaojua kutangaza. Siku hiyo redio ikapiga kelele za goli wakati runingani mpira uko katikati ya uwanja. Akakaa anasubiri goli aliloshalisikia. Likaja baada ya nusu dakika hivi. La pili likawa vilevile. Akazima runinga, akabaki na redio.

Kilichomaliza kabisa ni alasiri moja. Alikuwa amesinzia mbele ya runinga kama kawaida yake, akafumbua macho akakuta picha imesimama na maandishi yanamuuliza kama bado yupo anatazama. Akasema, "Nani huyo anayeniuliza kama bado nipo?" Watoto wakacheka. Yeye hakucheka. Toka siku ile anakaa uani na redio yake, sebuleni anapita tu. Hajagomba wala hajamlaumu mtu, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mume wangu anasema ni ukaidi wa uzee, utapita. Wakati huohuo jioni picha zinagandaganda, hasa kuanzia saa mbili mpaka saa nne usiku, na mdogo akianza kulia kila mtu ana mtu wa kumlaumu. Juu ya hayo shemeji yangu, anayeishi kwake mbali na sisi, alikuwa anatumia nywila yetu na sasa imemkatalia, ananipigia mimi simu kana kwamba ndiye niliyemfungia.

Shangazi, turudi kwenye kebo yaishe? Au mume wangu ana haki, na mimi ndiye ninayeogopa mabadiliko?

Mtunza Daftari

*

Marahaba mwanangu.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda kabatini ukakitoe hicho king'amuzi. Mna miezi mitano ya kebo ambayo mtailipa mpende msipende, na kitu mnachokilipia kimelala na mashuka. Mumeo alitaka kupunguza gharama, kumbe alichopunguza ni matumizi ya kitu ambacho gharama yake iko palepale. Kirudishwe mahali pake leo. Na atakayekirudisha ni yeye aliyekichomoa, mzee akiwepo, akimwambia kwa kinywa chake kwamba alikosea kufanya hivyo nyuma ya mgongo wake. Neno hilo si lako wewe mkwe. Ukilisema wewe litaonekana umemshtaki mumeo kwa baba yake. Ni la mwana na babaye, wewe andaa chai utoke.

Hilo likishafanyika, tunaweza kuzungumza vizuri, kwa sababu hoja ya mumeo si ya kijinga. Mimi mwenyewe nilikata kebo, tena kwa pupa kuliko yeye. Nikakaa wiki tatu nikisogeza zile picha za filamu kila usiku, kulia, kushoto, chini, nikiona hii ndefu, ile sijui kama nitaipenda, mpaka usingizi unanichukua sijatazama chochote. Vitu vya kutazama vilijaa tele. Nilichokikosa ni kukuta kitu kimeshaanza.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wenu, ingawa nyote mnadhani mnagombania bili. Kuna watazamaji wa kuchagua na watazamaji wa kukuta. Watoto wako na mumeo ni wa kuchagua: wanajua wanachokitaka, wanakifuata, wanakimaliza, wanazima. Mzee ni wa kukuta. Anawasha, kuna mtu anaongea. Saa ya habari ikifika habari inakuja yenyewe. Kebo kwake haikuwa chaneli mia mbili, ilikuwa saa ya ukutani inayozungumza. Mjane anayeishi nyumba ambayo mchana watu wote wametoka hawezi kuambiwa achague filamu. Kwa hiyo chaneli zake hata mkimtafutia zote moja baada ya nyingine ndani ya kijiti hicho, bado mtakuwa hamjampa alichonyang'anywa.

Na sasa hesabu, maana wewe ni mtu wa daftari. Utazamaji wa kukuta kwenye kebo hauna gharama ya ziada. Runinga ikiwaka saa moja au saa kumi na tano, bili ni ileile. Kwenye strimingi kila saa inakula data. Netflix, moja ya huduma hizo za strimingi, wanakadiria kwamba picha ya kawaida hula hadi gigabaiti 1 kwa saa, picha ya HD hadi 3, na ile kali ya 4K hadi 7. Chukua mzee wako, ambaye runinga yake inawaka saa kumi kwa siku, mpe picha ya HD: gigabaiti 30 kwa siku, 900 kwa mwezi, na nusu ya hizo akiwa amesinzia. Kama kifurushi chenu cha intaneti kina kikomo, mzee peke yake atakimaliza kabla watoto hawajagusa.

Ndiyo maana lile swali lililomkera lipo. Mwelezeni hivyo, atalielewa vizuri tu, wazee wanaelewa sana mambo ya kuzima taa chumba kikiwa kitupu. Mashine haioni kama kuna mtu. Inaona tu kwamba muda mrefu haijabonyezwa, hivyo inauliza kabla ya kuendelea kumwaga data bure. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ukizima runinga kwa rimoti ya runinga, baadhi ya vijiti haviambiwi. Skrini nyeusi, kijiti kinaendelea kutiririsha nyuma yake. Kwa hiyo swali hilo lina manufaa yake, ila si kwa mtu aliyezoea runinga inayomwacha alale kwa amani.

Dawa ya mzee ni ya zamani kuliko kebo yenyewe, nayo ni antena. Watu wameisahau. Kebo ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940 katika miji ya mabondeni ambako mawimbi yalizuiliwa na milima. Watu walisimamisha antena moja ndefu kilimani wakavuta nyaya mpaka majumbani. Yaani kebo ilizaliwa ikiwa antena ya ushirika. Siku hizi sehemu nyingi za dunia matangazo ya angani yamehamia dijitali, picha ni safi, na chaneli za kitaifa, zile hasa zenye habari, hupatikana humo bila malipo ya mwezi na bila data. Tazameni nyuma ya runinga kama kuna tundu la antena, na kwenye kijitabu chake kama ina kipokezi cha mfumo wa nchi mnayoishi, kwa sababu mifumo haifanani: nchi nyingi za Ulaya na Afrika hutumia DVB-T au DVB-T2, Marekani hutumia ATSC, Japani na Brazili ISDB-T. Runinga iliyotengenezwa kwa soko jingine inaweza kuona mawimbi isiyaelewe. Kisha jaribuni antena dirishani kabla ya kupanda paani. Ukuta mmoja tu unaweza kuwa tofauti ya chaneli tatu na chaneli ishirini.

Antena ikishika, nendeni kwenye mipangilio ya runinga mtafute pale inapoulizwa ifungukie wapi inapowashwa. Nyingi zina chaguo hilo. Iwekeni kwenye antena. Mzee anabonyeza, mtu anaongea. Anayetaka kijiti ndiye ahangaike kubadilisha. Mpaka sasa nyumbani kwenu wenye vidole vyepesi wamerahisishiwa na mwenye vidole vizito kaachiwa kazi, ndivyo ilivyo nyumba nyingi. Na kwenye mipangilio hiyohiyo washeni kitu kinachoitwa HDMI-CEC, kila kampuni ina jina lake la kukipamba, kinachoruhusu rimoti moja iendeshe runinga pamoja na kijiti. Ile rimoti ya pili fichwe.

Kama antena haishiki kitu hapo mlipo, bado kuna njia mbili. Moja ni habari za mubashara zilizo bure mtandaoni. Al Jazeera, DW na France 24 hurusha matangazo yao ya Kiingereza moja kwa moja YouTube, na vituo vingi vya nchi mbalimbali hufanya hivyo kwa lugha zao. Nyingine ni zile huduma za intaneti zinazouza chaneli zenye ratiba, si ghala la filamu. Marekani Sling TV ilianza mwaka 2015 na YouTube TV ikafuata 2017. Hizo kwa kweli ni kebo iliyovaa nguo za intaneti, na bili zake huwa zinakumbuka asili yake. Ila kumbuka zote mbili zinarudi kwenye ile hesabu ya gigabaiti.

Nije kwenye mpira, kwani hapo mzee ana kesi ya haki kabisa. Hakudanganywa na masikio. Matangazo ya mubashara ya strimingi hukatwa vipande vidogovidogo ndipo yatumwe, na kifaa chako hukusanya vipande kadhaa kwanza ili intaneti ikiyumba picha isikatike. Apple, ambao mfumo wao wa kurusha strimingi uitwao HLS, wa mwaka 2009, umeenea sana, hupendekeza vipande vya sekunde 6. Kifaa kikingoja vitatu tu, sekunde 18 zimekwenda, na hujahesabu muda wa kuandaa picha na kuisafirisha. Nusu dakika ni kawaida. Redio ya angani haina foleni hiyo, ndiyo maana inatangulia. Hakuna kitufe cha kuondoa hilo, na mumeo asipoteze Jumamosi akikitafuta. Mechi ikiwa kwenye chaneli ya antena, pengo hupungua likawa la sekunde chache kama mlivyozoea kwenye kebo. Ikiwa ni ya strimingi peke yake, mzee atachagua picha au redio, na mimi namjua atakachochagua.

Tena kuhusu mpira: haki za kuonyesha mashindano huuzwa kwa kila nchi na kwa misimu, na mara nyingi ligi moja hugawanywa kwa wanunuzi wawili au watatu. Kabla ya kuikata kebo miezi mitano ijayo, mumeo aandike mashindano ambayo mzee hutazama na mbele ya kila moja nani analionyesha msimu ujao. Akikuta anahitaji huduma tatu ili kupata kilichokuwa kwenye king'amuzi kimoja, basi kwa nyumba yenu kebo ndiyo rahisi, na hakuna aibu kuibakiza. Nimeshawaambia watu wengi wakate. Nimewaambia wachache waache, karibu wote kwa sababu ya mpira.

Sasa hilo la kugandaganda saa mbili mpaka saa nne. Usikubali kuongezewa kifurushi cha intaneti tena kabla ya jaribio hili. Saa mbili na nusu usiku, wakati tatizo lipo, siyo mchana, chukueni waya wa mtandao mchomeke kutoka kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani, hadi kwenye runinga au kompyuta, mtazame filamu. Ikitiririka bila kukwama, intaneti yenu ni nzima na mgonjwa ni waifai. Ikigandaganda hata kwa waya, mgonjwa ni laini yenyewe, pengine kwa sababu mtaa mzima uko mtandaoni saa hizo, na hapo mna la kuwauliza kampuni. Pimeni kasi palepale kwa fast.com, kipimo cha bure cha Netflix. Wao wenyewe hushauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya HD ya kiwango cha 720p, 5 kwa ile kali zaidi ya 1080p, na 15 kwa 4K. Ni megabiti, siyo megabaiti, angalieni msichanganye: megabaiti moja ni megabiti 8, na watangazaji wa vifurushi hawana haraka ya kukueleza. Sasa fikirini: runinga moja, kompyuta ya mkubwa na simu ya mdogo, zote kwenye 1080p, ni megabiti 15. Mkiwa mnapata 30 za kweli saa ile na picha bado inakwama, basi kifurushi si tatizo.

Dau langu liko kwenye waifai. Nimeona ruta zikiwekwa nyuma ya runinga, ndani ya kabati, chini ya kitanda, moja nimeikuta ndani ya ndoo. Itoeni mahali pa wazi na pa juu. Nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 2.4 yanafika mbali na kupenya kuta lakini ni ya polepole na yamejaa ya majirani, ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini ukuta mnene unayachosha. Runinga ikiwa chumba kimoja na ruta, iungeni kwenye 5. Ikiwezekana, acheni ule waya wa jaribio ubaki palepale moja kwa moja. Hauna uzuri, lakini haugandi.

Huduma nne za strimingi ni nyingi kwa nyumba yoyote. Hapa weka daftari lako jingine karibu na rimoti kwa siku 14, kila mtu aandike alichotazama na kupitia wapi. Usimkemee mtu, andikeni tu. Baada ya hapo bakizeni moja, mbili zikizidi, na nyingine zizungushwe: mwezi huu hii, mwezi ujao ile. Tofauti na kebo, nyingi hulipiwa mwezi kwa mwezi, na ukifuta leo kwa kawaida unaendelea kutazama hadi siku uliyolipia iishe. Kwa hiyo mnaweza kujiunga na kufuta siku hiyohiyo, na mwezi wa bure hautawageuka tena. Ila kufuta usajili siyo kufuta programu kwenye simu. Hapo watu wengi wanaliwa. Mlipojiungia ndipo mtakapofutia. Kama ilipitia duka la programu la simu ya mumeo, ni humo humo mtakapoikuta. Ile ya nne ndiyo ianze kufutwa.

Shemeji mwambie hukumfungia wewe. Netflix tangu mwaka 2023 wamebana utumiaji wa akaunti moja kwa nyumba mbili, na wengine wamefuata. Kuna nchi ambako mnaweza kumwongeza kwa malipo ya ziada. Alipe yeye.

Watoto nitapita haraka. Mzee alipopotea aliangukia filamu ya kutisha, na huyo wa miaka 6 anapotea kwa kasi zaidi ya babu yake. Mfungulieni ukurasa wake wa watoto na ukurasa wa watu wazima uwekeeni namba ya siri. Dakika kumi, leo usiku.

Mkataba. Kwa kuwa kebo na intaneti ni za kampuni moja, hapa ndipo mumeo anaweza kunaswa. Kampuni nyingi huuza viwili hivyo kwa pamoja, na ukiondoa kimoja bei ya kilichobaki hupanda. Aulize kwa maandishi: tukiondoa televisheni, intaneti peke yake itakuwa kiasi gani, na kwa muda gani? Jibu hilo liingie kwenye daftari lako kabla ya uamuzi wowote. Atafute pia siku za notisi, maana mikataba mingine hujirudia yenyewe usipotoa taarifa mapema, na faini ya kuvunja kabla ya wakati. Siku ya kurudisha king'amuzi, kipigeni picha namba yake ya nyuma, na msiondoke bila risiti. Nimeshamsindikiza mtu aliyedaiwa king'amuzi alichokirudisha mwaka mzima nyuma.

Na kama runinga yenu ni ya zamani, acheni kutegemea programu zilizo ndani yake. Desemba 2019 Netflix waliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za zamani za Samsung na vifaa vya zamani vya Roku, na wenye runinga nzima zisizo na hitilafu wakabaki wanashangaa. Kijiti kikizeeka unabadilisha kijiti. Katika ununuzi wote wa mumeo, hicho ndicho ambacho sina neno nacho.

Umeniuliza kama unaogopa mabadiliko. Sioni hivyo. Wewe ndiye pekee nyumbani kwenu uliyejumlisha. Ila usifanye haraka ya kukata wala ya kurudi. Mna miezi mitano ambayo mtailipa kwa vyovyote, hiyo ndiyo miezi ya majaribio: king'amuzi kikiwa mahali pake, antena ikiwa imeunganishwa, kijiti pembeni, huduma moja tu ya strimingi, na daftari. Majaribio yakifika mwezi wake wa nne, mkiona king'amuzi hakijawashwa wiki mbili, na aliyekiacha ni mzee mwenyewe, kirudisheni. Mkiona anakiwasha kila asubuhi, ongezeni mkataba, tena ombeni kifurushi kidogo, vipo na huwa havitangazwi.

Hiyo redio ya uani mwacheni nayo. Ila jioni ya mechi mwambie mumeo abebe kiti akakae naye hukohuko, asikilize mtangazaji. Halafu niandikie hesabu ya zile siku 14, hasa saa za mzee, nataka kujua kama nimekadiria vizuri.